Matawi ya Jumamosi

Saa tatu na robo asubuhi ya Jumanne, Inspekta Edith Kabange alisimama mbele ya lango la bustani ya mji, Parc ya Masuku, akiwa na jani moja ndani ya mfuko wa plastiki, na muda usiotimia saa tatu wa kutafuta mti lilikotoka.

Saa sita mchana zingetimia saa arobaini na nane tangu Dédé Mumba awekwe mahabusu. Kabla ya hapo, kumwachia au kumpeleka ilikuwa kazi ya sahihi ya Edith, kwa kuwa yeye ndiye OPJ, afisa wa upelelezi aliyefungua faili. Baada ya hapo Dédé angekuwa wa parquet, ofisi ya mwendesha mashtaka, na parquet ingemlaza gereza kuu siku hiyohiyo. Sentinelle, yaani mlinzi wa nyumba, wa miaka hamsini na mbili, asiye na wakili wala mjomba mwenye cheo, akiingia gereza kuu husahaulika humo kama mwavuli ndani ya basi.

Kamanda wake hakuona sababu ya kungoja. Jana jioni alimhesabia kwa vidole: bosi amekufa kitandani, mlango wa mbele haukuvunjwa, sentinelle alikuwa peke yake uani usiku kucha, na simu ya marehemu imekutwa kwenye kibanda cha sentinelle, chini ya godoro. Vidole vinne. Akauliza Edith anatafuta nini tena. Edith akajibu kwamba anatafuta mti. Kamanda alicheka mpaka askari wa zamu wakachungulia mlangoni.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Mardochée Tshiamala, muuza mabati, mtu aliyefiwa na mkewe na kuishi peke yake, alikufa katika nyumba yake ya Hewa Bora usiku wa Jumamosi kuamkia Jumapili. Daktari wa morgue, chumba cha maiti, alisema ni mto: mtu alimkandamizia mto usoni mpaka pumzi ikakata. Saa kumi na mbili asubuhi Dédé alimpelekea maji ya kuoga, akamkuta ameshapoa, akampigia simu mdogo wa marehemu, Paulin. Polisi waliitwa baadaye sana, tena na jirani, si na ndugu. Edith alifika saa nne kasoro dakika kumi, akaandika saa hiyo kwenye procès-verbal, ripoti ya polisi, kama kazi inavyotaka, na akakuta hakuna la kupeleleza. Bâche, turubai la waombolezaji, imetandazwa, viti vya plastiki vimepangwa, akina mama wanaimba, maiti imeoshwa, chumba kimepigwa deki, mashuka yako ndani ya beseni la sabuni. Watu wasiopungua mia walikuwa wamekanyaga kila shubiri ya uwanja. Mlango wa nyuma, ambao funguo zake walikuwa nazo watu wawili tu, marehemu na mdogo wake, ulikuwa wazi na watu wanapitishia viti.

Edith aliuliza mmoja mmoja: mlijuaje mapema hivi? Jibu lilikuwa moja. Tuliona matawi.

Hilo mtu wa Lubumbashi haelezwi mara mbili. Kifo hakina haja ya mpiga mbiu. Matawi mabichi yanawekwa barabarani mbele ya nyumba, magari yanapunguza mwendo, na kila apitaye anajua ndani mna kilio, yaani matanga. Anaingia. Haombi ruhusa, na hakuna wa kumzuia. Aliyeyaweka ni Paulin. Alifika saa moja na pikapu, matawi yako nyuma tayari, na watu wakasema huyo ndiye ndugu, wengine wangekuja na machozi matupu. Katika maelezo aliyotia sahihi, Paulin alisema alikuwa Kipushi tangu Ijumaa, alilala huko, na matawi aliyakata kandokando ya barabara ya Kipushi wakati wa kuja. Yeye na kaka yake walikuwa wanagombania kiwanja cha Ruashi tangu Pasaka, jambo hilo lilijulikana, lakini ndugu wengi hugombana na hawauani.

Edith aliokota jani moja barabarani siku ileile, kwa mazoea tu ya kutoondoka mikono mitupu. Jumatatu yeye na Donat, askari anayemwendesha, waliipita barabara ya Kipushi polepole, kwenda na kurudi. Waliona mikaratusi, miembe ya watu, na visiki. Wachoma makala, yaani makaa, walikwisha kumaliza mengine yote. Na jani lile lilikuwa la msuku, mti wa matunda ya mwituni, pana, gumu kama soli ya kiatu, na kwenye kikonyo chake ulijisokota mmea mwembamba wenye ua moja lililonyauka, jekundu, kingo za njano, petali zimepinduka juu kama ndimi za moto. Donat alisema utotoni aliiba masuku mahali pamoja tu ndani ya mji, na alichapwa mahali hapohapo.

"Baki kwenye gari," Edith alimwambia sasa. "Nikikupigia, simama langoni na usiseme kitu."

Miti ya masuku ilikuwa imesimama toka zamani, mashina meusi yamepasukapasuka, vivuli vyake vimeungana juu ya njia. Mvua za Desemba zilikuwa zimeotesha maua ya mwituni katikati ya nyasi, ya zambarau, meupe madogo kama shanga, ya njano, bila mpandaji. Karibu na lango palikuwa na bango la commune, halmashauri ya mtaa: marufuku kukata mti wala tawi. Chini yake, kwa herufi ndogo, ziliandikwa saa. Jumanne mpaka Jumamosi, kuanzia saa mbili hadi saa kumi na moja jioni. Jumapili, kuanzia saa tano. Jumatatu, imefungwa. Edith alizisoma mara mbili, akazinakili kwenye daftari lake.

Mlinzi wa bustani alikuwa mwanamke wa makamo, mpana, amevaa buti za mpira na aproni ya kijani. Alikuwa anafyeka nyasi, na kila alipofika kwenye rundo la maua alilizunguka bila kuligusa. Jina lake Madeleine. Alitazama viatu vya Edith kabla ya kutazama kitambulisho chake.

"Mama OPJ, na bile biatu bya ofisi unaingia mu majani? Nyoka ya huku haijue kusoma carte ya polisi."

"Nitatembea nyuma yako. Itaanza na weye."

Madeleine alicheka kwa pua. Edith akatoa jani ndani ya mfuko, akamwekea mbele ya uso. Madeleine alilitupia jicho moja na kurudia kufyeka. Mtu asiyejua kitu hukitazama, akakigeuza, akauliza ni nini. Huyu hakutazama.

Aliulizwa nani amekata matawi humu wiki iliyopita. Alisema tangu commune isimamishe lile bango halijatoka hata tawi la kuswakia meno. Aliulizwa mara ya pili, akakumbuka kidogo. Kuna mtu aliruka ukuta, Jumamosi ama Jumapili, hajui vizuri. Alimwona mgongo tu.

"Mugongo ya namna gani?"

"Koti mukubwa, nyeusi. Sawa bale basentinelle banavaa busiku."

"Na panga mukononi?"

"Na panga."

"Akaruka na panga na matawi."

"Bezi bako na nguvu, mama. Habalale njaa sawa siye."

Edith alitaka kuonyeshwa ukuta wenyewe. Madeleine alimpeleka upande wa nyuma, akatembea polepole kuliko alivyofyeka. Ukuta ulikuwa mita mbili na nusu, juu umepandwa vipande vya chupa, na mmea wa kutambaa ulikuwa umefunika chupa zote toka pembe hadi pembe. Hakuna hata jani moja lililokuwa limevunjika. Edith aliutembea wote. Dédé Mumba aliwahi kufukiwa na shimo la uchimbaji miaka ya nyuma, na mguu wake wa kulia haukunyooka tena. Ngazi tatu za kituo alizipanda kwa kushika ukuta.

"Ile koti ulipata wapi, mama?"

"Niliona."

"Ulisikia. Redio ilisema jana asubuhi: sentinelle amekamatwa. Nikuambie kitu. Saa sita ya leo kuna muntu anaenda gereza kuu na ile koti umemuvalisha sasa hivi."

Simu ya Edith ililia. Alikuwa Kalenga, mwenzake aliyebaki ofisini, akisema kwa sauti ya chini kwamba pikapu ya parquet imekwisha kufika, na kamanda anauliza kama Dédé hawezi kwenda mapema watu wakale chakula. Edith aliuliza saa ngapi. Kalenga akasema saa nne na dakika tano. Basi, Edith akasema, saa sita bado, na akakata.

Alirudi kwa njia nyingine, bila kufuata buti za Madeleine. Alikuwa anatafuta ua, si mti, kwa sababu misuku ilikuwa mingi lakini ua lile jekundu hakuwa ameliona tangu aingie. Alilikuta nyuma ya kibanda cha vifaa. Lilikuwa limepanda msuku mmoja mzee, likajishika kwa ncha za majani yake, na maua yake yanawaka toka chini mpaka usawa wa kichwa cha mtu. Hapo yalikatika ghafla. Matawi matano ya chini yalikuwa yamekatwa.

Edith alipapasa jeraha la kwanza, la pili, la tatu. Chini ya kila tawi palianzwa mkato mdogo, kisha mkato mkubwa wa juu ukaja kukutana nao. Mwizi wa kuni hana muda huo. Hukata juu tu, tawi likianguka linabandua ganda mpaka shinani. Hapa ganda lilikuwa zima, na kila jeraha limepakwa udongo mwekundu kwa kidole.

"Mwizi huyu nampenda," Edith alisema. "Aliruka chupa na mguu mubovu, akakata sawa muntu ya kazi, na mbele ya kukimbia akapaka muti dawa."

Madeleine alipindua ndoo, akaikalia. Mwisho alisema, "Ukiandika ile, commune itanifukuza. Niko na miaka kumi na moja huku."

"Nitaandika siku na saa. Udongo sitauandika."

Ndipo akasema. Matawi alikata yeye, na si hayo tu. Commune inaweza kukataza kuni, inaweza kukataza makala, lakini mtu akija na kilio mdomoni, nani atamjibu kwamba kuna bango? Huko Hewa Bora, Katuba, Ruashi, nyumba zimejengwa ukuta kwa ukuta, mti hakuna, na nyumba yenye maiti bila matawi ni aibu kwa ukoo mzima. Kwa hiyo wanakuja kwake, na yeye hachukui kitu. Ila amejifunza. Mwanzoni wachoma makala walikuja wanalia kwa kwikwi, akawakatia, kumbe hakuna aliyekufa. Walimfilisi mti mmoja mzima. Tangu hapo aliweka sheria yake. Mtu ataje jina la aliyekufa, na commune, na avenue, yaani barabara ya nyumba, na namba ya simu. Madeleine anaandika. Jumapili baada ya misa anapita mwenyewe kuona kama matawi yake yako barabarani. Akikuta hayapo, mtu huyo harudi kukanyaga humu.

"Na unabaambia ile mbele, kwamba utapita?"

"Nabaambia mbele. Njo maana habadanganye tena."

Edith aliuliza anaandika wapi. Madeleine akainuka, akafungua kibanda, akavuta mlango nyuma yao. Upande wa ndani, mbao zilikuwa zimejaa maandishi ya mkaa toka juu mpaka karibu na sakafu, mstari juu ya mstari, yamebanana, mengine yamefifia. Kando ya karibu kila mstari palikuwa na msalaba mdogo. Mstari wa pili kutoka chini ulisema: Mardochée, Hewa Bora, avenue, namba ya nyumba, simu.

Edith alifungua faili akalinganisha tarakimu moja moja. Ilikuwa namba ya Paulin.

"Hii croix?"

"Dimanshi nilipita kule. Kulikuwa bantu bengi, nikaona matawi yangu mu barabara. Nikasema, ule muntu ni wa kweli."

"Na alikuya siku gani?"

"Samedi. Saa tisa. Mvua ilikuwa inataka kunyesha, nikamukatia mbiombio."

Edith aliandika: Jumamosi, saa tisa. "Mama, fikiri vizuri."

"Nafikiri vizuri. Kisha yake alikuya ule baba ya Katuba."

Edith hakutaka kumwamini. Shahidi mmoja aliyekwisha kudanganya mara mbili kabla ya saa nne na nusu, hata mwanasheria mwanafunzi angemtafuna. Aliinama kwenye mstari wa mwisho, chini ya ule wa Mardochée. Exaucée, Katuba, simu. Mistari ilibanana kiasi kwamba kati yake usingepitisha hata ukucha. Ule wa juu haungeweza kuongezwa baadaye. Alipiga simu ile. Mwanamume mmoja alijibu kwa sauti ya mtu ambaye hajalala siku kadhaa. Ndiyo, Exaucée alikuwa mtoto wake. Ndiyo, walichukua matawi kwa mama mmoja wa bustani, Jumamosi, saa kumi hivi, kabla hajafunga. Mtoto walimzika Jumapili asubuhi. Edith alimpa pole, akaandika jina lake lote na saa.

Katika faili kulikuwa na karatasi nyingine, ambayo mpaka asubuhi hiyo haikuwa na kazi yoyote. Sephora, kiongozi wa kwaya ya kanisa, alieleza kwamba mazoezi ya Jumamosi yalianza saa kumi na mbili jioni, kwamba marehemu alikuwepo mpaka mwisho, na kwamba alimkera kwa kuvuta besi nyuma ya wenzake kama kawaida yake.

"Saa tisa ulimukatia matawi," Edith alisema. "Saa kumi na mbili alikuwa angali anaimba."

Madeleine alielewa polepole, kisha kwa mara moja. Aliweka mkono juu ya mdomo.

"Mama yangu. Nilimukatia muntu muzima."

Mengine yalijipanga yenyewe. Mwuaji alihitaji umati. Maiti iliyolala peke yake asubuhi ya Jumapili ingengoja polisi, na polisi wangeukuta mto, shuka, alama za viatu toka mlango wa nyuma. Maiti yenye matawi mbele yake ingejaza nyumba kwa saa moja, akina mama wangeosha, wangepiga deki, na mtu yeyote angeweza kuinama kwenye kibanda cha sentinelle akaacha simu chini ya godoro. Lakini matawi hayapatikani Hewa Bora, na bustani haifunguliwi Jumapili kabla ya saa tano. Ilibidi yakatwe jana yake, yalale ndani ya pikapu. Na ilibidi ataje jina la kweli na avenue ya kweli, kwa sababu huyu mama wa buti za mpira angepita kuhakikisha. Hilo Paulin alilikubali bila wasiwasi. Nani katika kilio aliwahi kuuliza matawi yamekatwa lini?

Edith alimwambia Madeleine apige ile namba, aweke sauti nje, aseme kesho ni mazishi na yeye ametenga matawi mabichi ya gari la maiti na ya magari ya jamaa, lakini mukubwa wa commune atapita mchana, kwa hiyo mtu aje mbele ya saa sita. Madeleine alisema mikono yake imejaa udongo. Edith akamwambia sauti haina mikono. Simu iliita mara tatu. Paulin alishukuru, akasema mama ana moyo, yuko njiani. Edith akampigia Donat.

Ilikuwa saa tano na dakika ishirini na tano alipoingia. Suti nyeusi, kitambaa cheupe mfukoni, viatu vimepanguswa. Edith alikuwa ndani ya kibanda, mlango umeachwa wazi kiasi cha kiganja. Alimsikia akimsalimu Madeleine vizuri, akimwuliza habari ya miguu yake, na Madeleine akimjibu vizuri pia, kisha akimwuliza kama yale ya Samedi yalidumu.

"Yalinyauka, mama. Jua ilikuwa kali. Nipatie kumi, ya kufunga ku motokari."

Edith alitoka.

"Pole tena, papa Paulin."

Paulin alichelewa kidogo kugeuka. Alipogeuka alikuwa anatabasamu kwa huzuni, kama inavyompasa mfiwa. "Mama OPJ. Na weye uko na kilio?"

"Niko natafuta siku. Yale matawi ya kwanza ulikata siku gani?"

"Niliandika. Dimanshi, barabara ya Kipushi."

"Na huyu mama munajuana wapi?"

Paulin alimtazama Madeleine, kisha bango, kisha akashusha mabega. Alieleza kwa utulivu, kama mtu anayeungama kosa dogo ili apate baraka. Kweli hakukata Kipushi. Aliona aibu kusema kwamba aliingia mahali palipokatazwa. Alipita hapa Jumapili asubuhi, mama akamsaidia, ndiyo hilo tu. Edith aandike kosa hilo, yeye atalitia sahihi.

"Saa ngapi?"

"Mbele ya saa moja."

"Nani alikufungulia?"

"Huyu mama."

Madeleine alifungua mdomo. Edith akainua kidole, naye akaufunga. Edith alimwonyesha Paulin saa zilizonakiliwa kwenye daftari: Jumapili, kuanzia saa tano. Akamkumbusha kwamba saa nne kasoro dakika kumi yeye mwenyewe aliyakanyaga matawi hayo barabarani. Kisha akausukuma mlango wa kibanda mpaka jua likaangukia upande wake wa ndani, akaweka ukucha chini ya mstari wa pili kutoka mwisho. Paulin aliusoma. Akasoma na ule uliofuata. Kitambaa cheupe alikitoa mfukoni, akafuta shingo.

"Kaka yangu alikuwa anagonjwa," alisema. "Moyo. Jamaa ilikuwa inajitayarisha."

"Kwetu muntu akigonjwa banamupeleka hopitali. Habamukatie matawi."

"Mama OPJ..."

"Ile jioni aliimba saa mbili nzima. Sephora analalamika juu ya besi yake. Ukitaka nitakuletea kwaya yote, bako makumi ine."

Paulin hakutafuta uongo mwingine. Macho yake yalikwenda langoni, na langoni alisimama Donat. Paulin alitazama pikapu yake nje, akatazama miti kana kwamba ni sasa tu anaona ilivyo mingi.

"Kesho nani atamuzika?" aliuliza.

"Bale bantu mia moja uliita," Edith alisema, akamgeuza akamfunga pingu.

Saa sita kasoro dakika saba alikuwa anampigia Kalenga. Simu iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Kalenga alipokea katikati ya kelele za injini, akasema Dédé amekwisha kupandishwa nyuma, kamanda amesema dakika saba si kitu.

"Karatasi iko na sahihi ya nani?"

"Haina bado. Kamanda alisema utaisaini ukirudi."

"Basi hakuna karatasi. Mushushe. Mwambie kamanda niko nakuya na mwingine, na mlango wa kibanda cha bustani nitaukata leo niulete ofisini na ubao wake wote."

Alisikia Kalenga akipiga bati la pikapu kwa kiganja. Injini ikazimwa. Sauti za watu zikapanda, moja ikiwa ya kamanda, kisha zikashuka. Bati la nyuma likafunguliwa kwa kishindo. Halafu kukawa na muda mrefu, ambao mtu mwenye mguu mmoja mbovu anautumia kushuka toka juu mpaka chini bila mtu wa kumshika.

"Ameshuka," Kalenga alisema. "Anauliza aende wapi."

"Bosi wake anazikwa kesho, na yeye hajamulilia. Aende ku kilio."

Kalenga alizungumza pembeni, akarudi. Dédé anaogopa. Watu wote wa Hewa Bora wanajua kwamba ndiye aliyeua, redio imesema, akifika pale watampiga mawe kabla hajakaa. Anauliza kama kuna namna ya kupitia mlango wa nyuma.

"Atapitia wa mbele," Edith alisema. "Na weye utamusindikiza, na uniforme, na utakaa naye ku kiti ya pembeni mpaka nifike. Pikapu ya parquet si iko pale? Mupande."